Kuvuka Ukuta kwa siku moja: mwongozo wa mgeni wa Berlin Mashariki, mwaka 1985

Ukuta wa Berlin, uliotenga Berlin Magharibi na Berlin Mashariki iliyokuwa chini ya Ujerumani Mashariki, ulisimama kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 hadi usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. Leo watu wengi wanaujua kwa saruji yake, vile vipande vyenye kimo cha mita 3.6 vilivyopangwa bega kwa bega. Aliyekuwa na shangazi au rafiki upande wa pili aliujua zaidi kwa karatasi, kwa risiti ya kubadilishia fedha na kwa saa ya mkononi. Mwongozo huu unafuata siku moja ya kuvuka kutoka Berlin Magharibi kwenda Berlin Mashariki na kurudi, kama ilivyofanyika mwaka 1985. Mwaka tumeutaja kwa makusudi. Kanuni zilibadilika mara kwa mara, na anayechanganya viwango vya kubadilisha fedha vya 1974 na vya 1980 anajitengenezea siku ambayo haikuwahi kuwapo. Basi soma kana kwamba kesho asubuhi ndiyo zamu yako.

Anza na karatasi uliyo nayo

Kivuko hukuchagua wewe. Kilichaguliwa na kitambulisho chako.

Mwenye pasipoti ya nchi nyingine, yaani asiye Mjerumani, alikuwa na njia mbili: kwa miguu au kwa gari kupitia Checkpoint Charlie, mtaa wa Friedrichstraße, au kwa treni kupitia stesheni ya Friedrichstraße. Raia wa Ujerumani Magharibi hakuruhusiwa kupita Checkpoint Charlie. Yeye alitumia Heinrich-Heine-Straße, Bornholmer Straße au stesheni hiyohiyo ya Friedrichstraße. Mkazi wa Berlin Magharibi alikuwa na vivuko vyake, miongoni mwavyo Chausseestraße, Invalidenstraße, Sonnenallee na daraja la Oberbaumbrücke, ambalo lilikuwa la waendao kwa miguu tu.

Kosa la kawaida lilimpata huyu wa mwisho. Serikali ya Ujerumani Mashariki haikuitambua Berlin Magharibi kuwa sehemu ya Ujerumani Magharibi, kwa hiyo mkazi wake aliyetoa pasipoti ya Ujerumani Magharibi alikuwa ametoa karatasi isiyo yake machoni pa afisa. Alipaswa kutoa kile kitambulisho cha muda cha wakazi wa Berlin, na awe ameomba kibali mapema katika ofisi ya ziara. Ofisi hizo zilikuwa Berlin Magharibi kwenyewe, lakini waliohudumia ndani walikuwa watumishi kutoka Mashariki. Mgeni wa nchi nyingine hakuhitaji hayo yote. Viza ya siku moja aliipata palepale kivukoni.

Kuanzia hapa tunamfuata mgeni huyo, akipita stesheni ya Friedrichstraße.

Kupanga na mwenyeji

Kazi hii huanza wiki kadhaa kabla. Nyumba nyingi za Mashariki hazikuwa na simu. Laini kati ya pande mbili za jiji zilikatwa mwaka 1952 na kurudishwa tarehe 31 Januari 1971, zikiwa 10 tu kwa kuanzia. Mwaka 1985 unaweza kupiga mwenyewe kutoka Magharibi kwa kutanguliza 0372, mradi mwenyeji awe na simu, na mradi mkumbuke kwamba huenda kuna sikio la tatu. Bila simu ni barua. Barua nazo zilifunguliwa na idara maalumu ya usalama wa taifa, Stasi, kisha zikafungwa upya. Andika kwa uwazi mambo ya kawaida: tarehe, saa, mahali pa kukutana. Mafumbo huamsha shaka kuliko salamu za shangazi.

Mahali pa kukutana pawe Weltzeituhr, ile saa ya dunia iliyo Alexanderplatz tangu mwaka 1969. Kila mtu aliijua, na kusimama hapo nusu saa hakumshangazi yeyote. Usiweke saa ya kubana. Foleni ya kuingia inaweza kuchukua dakika 20 au saa moja na nusu, na huna njia ya kumpasha habari aliye upande wa pili. Andika “kati ya saa nne na saa sita,” naye atakuja na kitabu cha kusoma.

Muulize mwenyeji mambo mawili kabla ya kwenda nyumbani kwake. La kwanza ni kazi yake. Askari, polisi na watumishi wengi wa serikali walikatazwa kuwa na uhusiano na watu wa Magharibi, na ziara yako inaweza kumgharimu cheo. La pili ni anwani. Mitaa iliyopakana na Ukuta ilikuwa eneo la mpaka: mkazi alikuwa na idhini maalumu na mgeni hakuingia bila kibali. Ukijikuta unatembea kuelekea mtaa unaoishia kwenye uzio mweupe, geuka. Kama anakaa huko, kutaneni mjini.

Mfuko wako

Chukua kahawa ya kusaga kabla ya kitu kingine. Sababu ni hesabu rahisi. Kahawa halisi ya Mashariki, kwa mfano Rondo Melange, iliuzwa marki 8.75, fedha ya Mashariki, kwa pakiti ya gramu 125. Nusu kilo ni pakiti nne, yaani marki 35. Pakiti moja ya nusu kilo kutoka duka la kawaida la Magharibi ilikuwa zawadi kubwa kuliko fedha zote utakazolazimishwa kubadilisha siku hiyo. Baada ya kahawa: chokoleti, machungwa au ndizi, stokingi, sabuni nzuri. Kama mwenyeji ameomba kipuri cha bomba au cha redio, hicho kitangulie chokoleti.

Acha nyumbani magazeti na majarida. Na hapa wengi waliteleza bila kujua: usifungie vikombe au chupa kwa karatasi za gazeti, kwa maana mkaguzi wa forodha haoni kifungashio, anaona gazeti la Magharibi. Kaseti zilizorekodiwa ziache pia, kwani haziwezi kusikilizwa zote kivukoni na njia rahisi kwa mkaguzi ni kuzitwaa. Nguo zilizovaliwa zinaleta maswali. Zilizotumwa kwa posta zilidaiwa cheti cha kuuliwa vijidudu, kwa hiyo nguo ya zawadi iwe mpya, na sweta la kumwachia mwenyeji livae mwenyewe.

Marki za Mashariki usibebe hata moja. Maduka ya kubadilisha fedha ya Berlin Magharibi yaliziuza kwa sehemu ndogo ya thamani yake rasmi, na kishawishi kilikuwa kikubwa. Lakini kuziingiza lilikuwa kosa, na afisa alijua vizuri kwamba mtu aliyebadilisha marki 25 hawezi kulipa chakula cha marki 70.

Stesheni ya Friedrichstraße

Panda treni ya mjini, S-Bahn, pale Zoologischer Garten kuelekea mashariki. Kituo cha mwisho cha Magharibi ni Lehrter Stadtbahnhof. Treni inavuka maji, unaona mnara na uzio chini yako, na dakika chache baadaye uko Friedrichstraße. Ukitokea kusini kwa treni ya chini ya ardhi, laini ya U6, kituo cha mwisho ni Kochstraße. Kisha treni inapunguza mwendo bila kusimama katika Stadtmitte na Französische Straße, vituo vilivyofungwa, taa hafifu, walinzi kivulini. Usishituke: Friedrichstraße itasimama.

Stesheni hii iko ndani kabisa ya Mashariki, lakini sehemu yake moja ilitumika kana kwamba ni ya Magharibi. Unaweza kushuka S-Bahn na kuhamia U6 bila kuonyesha karatasi yoyote. Jukwaa la treni za Mashariki liko hatua chache tu, limetengwa kwa ukuta wa chuma. Ndiyo maana wageni walipotea humo. Kanuni ni moja: usifuate umati, fuata vibao vya kuingia, kisha safu ya kundi lako, “raia wa nchi nyingine.” Ukikaa safu isiyo yako utafika dirishani na kurudishwa mwisho wa nyingine.

Kibanda cha pasipoti ni chembamba, mtu mmoja kwa wakati. Mlango nyuma yako unajifunga. Meza ya afisa iko juu kuliko kifua chako, kwa hiyo unasukuma pasipoti kwenye uwazi na huoni mikono yake inafanya nini. Juu nyuma yako kuna kioo kilichoinamishwa, kinachomwonyesha mgongo wako na mfuko ulioweka sakafuni. Atatazama picha, atakutazama wewe, atarudia. Akikuambia ufunue sikio, sogeza nywele nyuma upande anaoonyesha: umbo la sikio halibadiliki kwa ndevu wala miwani, na watu hawa walifunzwa kulilinganisha na picha. Sare yao ilikuwa ya askari wa mpaka, lakini wakaguzi wa pasipoti walikuwa watumishi wa Stasi. Jibu kwa sentensi fupi. Usitanie, wala usijaze kimya kwa maelezo ambayo hukuulizwa. Ukisikia mlio, mlango wa mbele umefunguka. Usukume upesi, kwa kuwa mlio ukikatika umefungwa tena.

Wengine walirudishwa hapo bila kupewa sababu. Kubishana hakukusaidia mtu. Jaribu siku nyingine, na umwarifu mwenyeji kwa telegramu.

Marki 25

Viza ya siku ni marki 5 za Magharibi. Kisha unabadilisha kwa lazima marki 25 za Magharibi kupata 25 za Mashariki, moja kwa moja. Kiwango hiki kilianza tarehe 13 Oktoba 1980. Kabla yake, kwa ziara ya siku katika Berlin Mashariki, kilikuwa marki 6.50. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 habadilishi chochote, na mstaafu anabadilisha 15. Kwa hiyo uwe na marki 30 taslimu mkononi kabla hujafika dirishani, pamoja na akiba ya zawadi.

Jaza tamko la fedha kwa ukweli, hadi sarafu. Fedha zote za kigeni ulizo nazo ziandikwe, maana jioni kilichobaki kitalinganishwa na ulichoandika asubuhi. Noti ya marki 50 uliyoisahau kwenye mfuko wa koti ndiyo iliyowapotezea watu saa mbili chumba cha pembeni. Tunza vipande vitatu pamoja ndani ya pasipoti: viza, risiti ya kubadilisha, tamko.

Sasa tatizo linageuka. Marki hizo 25 hazirudishwi na haziruhusiwi kutoka nchini. Unaweza kuweka zilizobaki kwenye dirisha la benki kivukoni na kupewa stakabadhi ya ziara ijayo, lakini walio wengi walitaka kuzimaliza. Na kuzimaliza kulikuwa kugumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu vitu vya kila siku vilikuwa vya bei ya chini sana: mkate mdogo, Schrippe, pfennig 5 (pfennig 100 ni marki moja), nauli ya treni ya mjini pfennig 20, soseji ya bockwurst barabarani chini ya marki moja. Bei haikujadiliwa wala haikutofautiana kati ya duka na duka. Mara nyingi ilichapwa juu ya bidhaa yenyewe ikitanguliwa na herufi EVP, kifupi cha bei ya rejareja.

Santuri ndizo zilizokuwa jibu zuri. Lebo ya Eterna ilirekodi muziki wa kale wa Ulaya kwa ubora wa hali ya juu, na santuri moja ilikuwa marki 12.10. Mbili ni 24.20. Unabaki na pfennig 80, ambazo ni tiketi nne za treni za pfennig 20, kwenda na kurudi kwako na kwa mwenyeji. Hesabu inafungwa, ila chakula cha mchana hakimo. Ukitaka kula, nunua santuri moja, na hizo nyingine karibu 13 zinatosha mlo wa watu wawili mahali pa wastani. Vitabu na nota za muziki navyo vilifaa.

Usinunue nguo wala viatu vya watoto ili uvitoe nje. Serikali ilivilipia ruzuku, kwa hiyo vilikuwa katika orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kutoka. Vitu vya kale pia. Na kila risiti ya duka uitunze hadi usiku.

Zitazame sarafu zenyewe dakika moja. Karibu zote ni za alumini, nyepesi kama vifungo vya shati, ila ya pfennig 20 ni ya shaba ya manjano na ina uzito. Ilitengenezwa hivyo kwa ajili ya mashine, simu za barabarani zikiwamo. Usizitoe hizo ovyo. Anayebaki na alumini tupu mfukoni huenda asipate kupiga simu.

Mjini

Kutoka Friedrichstraße hadi Alexanderplatz ni vituo viwili: Marx-Engels-Platz, kisha Alexanderplatz. Chukua tiketi, itoboe kwenye kitobolea kabla ya kupanda. Kwenye tramu na basi kuna sanduku la nauli. Dumbukiza sarafu, vuta mpini, chana tiketi. Sanduku halihesabu sarafu zako. Ni abiria walio karibu wanaoziona kupitia kioo, na ukivuta mpini bila kuweka kitu utatazamwa.

Viza yako inaishia mpaka wa jiji, lakini treni haziishii hapo, wala hakuna kizuizi cha kukuzindua. Ukienda upande wa Erkner, shuka kabla ya kupita Wilhelmshagen. Upande wa Bernau mwisho wako ni Buch, upande wa Strausberg ni Mahlsdorf, na upande wa Königs Wusterhausen ni Grünau. Potsdam usiifikirie kabisa. Mgeni mwenye viza ya siku aliyekutwa nje ya jiji alikuwa amevunja sheria hata kama alikuwa amesinzia tu.

Mgahawani, simama mlangoni ungoje. Kibao kinasema utapangiwa kiti, na meza tupu uzionazo si ruhusa ya kukaa. Mhudumu ndiye anayeamua, na mnaweza kukalishwa na watu msiowajua. Mkahawa wa juu katika mnara wa televisheni unazunguka mara moja kwa saa, na nafasi yako ni hiyo saa moja. Foleni yake ni ndefu, kwa hiyo nenda asubuhi mara baada ya kukutana au usiende kabisa.

Usipige picha za askari, polisi, reli, stesheni wala kitu chochote cha mpakani. Filamu ilitolewa ndani ya kamera na kuwekwa kwenye mwanga, na picha za familia zilizotangulia zikaungua pamoja nayo.

Kuhusu Intershop, maduka ya fedha za kigeni: mwenyeji wako anaruhusiwa kumiliki marki za Magharibi tangu 1974, lakini tangu Aprili 1979 hawezi kuzitumia dukani moja kwa moja. Lazima kwanza azibadilishe benki kupata hati za Forum, yaani vocha za kulipia Intershop. Wewe mgeni unalipa taslimu. Basi badala ya kumwachia noti, ingia naye, achague, ulipe wewe. Inampunguzia safari na foleni. Omba risiti, ili upungufu wa fedha zako uelezeke jioni.

Kurudi

Viza inakwisha saa sita usiku, na unatoka kwa kivuko ulichoingilia. Uwe mlangoni saa tano kasorobo, na Jumapili mapema zaidi, kwa sababu kila mtu anarudi saa ileile. Jengo la kutokea ni ule ukumbi wa vioo kando ya stesheni, uliofunguliwa mwaka 1962, ambao watu wa Berlin waliuita Tränenpalast, jumba la machozi. Mwenyeji hawezi kuingia. Mnaagana nje, kwenye lami, mvua ikinyesha au isinyeshe, na nyuma yenu kuna watu wengine wanaoagana vilevile. Tenga dakika 15 kwa hilo peke yake na usizihesabu ndani ya muda wa foleni. Wengi walifanya kosa la kumalizia kikombe cha mwisho nyumbani, wakafika mbio, wakakosa kuagana.

Mpe sarafu zilizobaki hapo nje, kabla ya mlango. Ndani kuna forodha kwanza: mfuko, risiti, tamko la fedha. Kisha kibanda kile chembamba, kioo kilekile. Ukishapita unashuka njia za chini hadi jukwaa la Magharibi. Kibanda cha Intershop kilichopo jukwaani kinauza sigara na pombe kali kwa bei ya chini, lakini forodha wa Berlin Magharibi walijua hilo na waliweza kukukagua upande wao.

Mwenyeji wako hatajua kama umepita salama. Hakuna dirisha atakaloona treni yako. Kama ana simu, mkubaliane kwamba utapiga mara mbili na kukata, kila mara iite mara moja. Kama hana, tuma kadi ya posta yenye maneno machache ya shukrani kwa chakula na tarehe ya ziara ijayo kama mmeshaipanga. Itachukua siku kadhaa kufika, kwa hiyo iandike usiku huohuo, uitie sandukuni kabla ya kulala.